Rivolva Iliyooshwa kwa Majivu

Mchana kutwa kazi yangu ilikuwa kuosha tramu, na jioni nilirudi kwenye vyumba viwili vyenye vitu ambavyo haviruhusiwi kuoshwa. Vitu hivyo vilikuwa rivolva za zamani za kijeshi, bastola zile zenye tumbo la mviringo linalozunguka, zilizotengenezwa kabla hata baba yangu hajazaliwa. Nilikuwa nikizikusanya. Watu wakisikia hivyo leo hucheka, kisha hunitazama vizuri kuona kama mimi ni mtu wa kuogopwa. Mimi si mtu wa kuogopwa. Nina hasira za karibu, hilo nalikubali, lakini hasira zangu huishia kwenye kununa.

Nilifika Brussels kutoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, nikamwacha mke wangu kwa wazazi wake kwa ahadi kwamba nikipata karatasi na kazi nitamwita. Kazi niliipata upesi kuliko karatasi. Nilipanga kule Evere, ghorofa ya juu ya nyumba ya matofali iliyogawanywa vyumba vyumba, na wapangaji wenzangu niliwajua kwa miavuli yao iliyosimama ukumbini. Wa kijani ulikuwa wa bibi mmoja Mbelgiji, mjane, aliyeishi chini kabisa. Tulisalimiana kwa kichwa. Miaka ikapita hivyo hivyo, kwa kichwa.

Jumapili za mwanzo nilikwenda kanisani na Wakongo wenzangu. Nyimbo zilikuwa tamu, chakula cha baada ya ibada kilikuwa kitamu zaidi, lakini kila mama aliyenipakulia aliniuliza swali lilelile: "Na maman, atafika lini?" Mwanzoni nilijibu kwamba karibuni. Baadaye nikajibu kwamba Mungu anajua. Mwishowe nikaona ni rahisi zaidi kukaa na njaa yangu, nikaacha kwenda.

Ndipo Jumapili zangu zikahamia sokoni, kwenye ule uwanja wa mawe wa Marolles ambako watu hutandika vitambaa chini na kuuza vitu vya marehemu. Siku ya kwanza nilikuwa natafuta pasi. Nikaona kwenye kitambaa cha kahawia, kati ya vijiko na saa mbovu, rivolva yenye pete chini ya kishikio.

Pete hiyo niliijua. Baba yangu alikuwa tarishi kwenye ofisi ya Wazungu zamani za ukoloni, na alitusimulia kwamba bwana mkubwa wake kila asubuhi aliiweka rivolva mezani, kando ya kidau cha wino. Miaka yote ya kazi yake baba hakuwahi kuiangalia zaidi ya kupepesa jicho, maana anayeangalia sana angeulizwa anaangalia nini. Alijua tu kwamba chini ya kishikio kulikuwa na pete ya kufungia kamba. Kwa hiyo nilichuchumaa pale sokoni nikaiangalia kwa muda nilioutaka mwenyewe. Niliangalia mdomo wake, tumbo lake, mti wa kishikio, na ile pete. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilipotaka kuifuta vumbi kwa ncha ya shati, mwenye kitambaa akanipigia kelele. Alikuwa mzee wa Kibelgiji mwenye sharubu zilizogeuka manjano kwa tumbaku, na huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wangu, na kwa miaka kadhaa ndiye mtu pekee mjini aliyenisubiri. Aliniambia kwanza kwamba aina hizi sheria iliruhusu ziuzwe kama mapambo, kwa sababu risasi zake hazitengenezwi tena. Kisha akaniambia jambo la pili, ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko sheria.

"État d'origine, monsieur," alisema. "Hali yake ya asili. Usifute, usisugue, usipake rangi. Ukipenda kusafisha, nenda ukasafishe kwako."

Sikumwambia kwamba kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kusafisha.

Mambo yenyewe ni haya. Rivolva ikitoka kiwandani, chuma chake hupewa rangi ya samawati iliyokolea, inayokaribia weusi. Miaka inavyokwenda, rangi hiyo hupungua pale kiganja kinaposhika na pale ngozi ya ala inaposugua, na chuma hugeuka kahawia taratibu. Kahawia hiyo mtu asiyejua ataiita uchafu au kutu, lakini mkusanyaji hununua hiyo hiyo kahawia. Akija mtu akaing'arisha, hata kwa nia njema, ameshaikwangua miaka yote na haiwezi kurudishwa. Tena kuna namba. Namba iliyogongwa kwenye mwili lazima iwe ile ile iliyogongwa kwenye tumbo na ndani ya kishikio. Zikitofautiana ujue umeuziwa maiti wawili walioshonwa pamoja. Nyumbani unaishika kwa glavu za pamba, kwa kuwa jasho la vidole hula chuma, na unaipaka tone moja la mafuta kwa kitambaa laini. Basi, ndiyo yote unayoruhusiwa.

Nililipenda jambo hilo, sina haja ya kuficha. Kazini tramu zilikuja na matope nikaziondolea matope, kesho yake zikarudi nayo yale yale. Nyumbani nilikuwa na vitu ambavyo wema wote niliotakiwa kuvifanyia ni kutovigusa. Nilinunua kabati dogo la kioo nikaliweka chumba cha mbele, nikatandika kitambaa kizito cha kijani, na nilipotoka kazini nilikaa mbele yake na chai yangu kama wengine wanavyokaa mbele ya televisheni. Nilikuwa mpweke sana, na kabati lile lilinipa mahali pa kuangalia.

Mke wangu nilikuwa nikizungumza naye kwa simu, yeye akiwa amesimama kwenye duka la mtu kule Bukavu na nyuma yake foleni ya watu wenye haraka. Tuliongea habari za mvua na habari za wagonjwa. Rivolva sikumtajia. Utaanzaje, na simu inakula pesa?

Kisha vita vikafika Bukavu, na lile duka likaacha kuitika. Nilipiga asubuhi, nikapiga mchana kutoka kibanda cha simu karibu na karakana ya tramu, na simu ililia mpaka ikachoka. Redio ilisema watu wa Bukavu wameingia msituni wakielekea magharibi, kwa miguu. Niliujua msitu huo kwa ramani tu, na kwenye ramani ulikuwa kijani kitupu bila maandishi. Miezi ilipita. Kanisani sikuweza kurudi, kwa kuwa sasa wale akina mama wasingeuliza tena atafika lini. Wangeniangalia tu, na sahani wangeijaza zaidi.

Miezi hiyo ndipo nilipopata rivolva yangu bora kuliko zote. Ilikuwa ya ofisa wa jeshi la Ubelgiji, kazi ya mafundi wa Liège, namba zote sawa, pete chini ya kishikio ipo, ala yake ya ngozi ipo, na rangi ya kiwandani bado imekaa karibu kila mahali, imepungua tu mdomoni na kwenye migongo ya tumbo. Kishikio cha mti wa jozi kilikuwa na weusi wa mikono ya watu waliokwisha kufa. Yule mzee mwenye sharubu aliniambia kwamba katika maisha yake ya sokoni alikuwa ameona chache za namna ile. Nilikaa nayo jioni nyingi nikiigeuza kwenye taa, na glavu zangu mkononi, nikijiambia kwamba ikiwa kitu kinaweza kupita vita viwili vya Wazungu na kubaki hivi, basi na mtu anaweza. Yalikuwa mawazo ya mtu aliyekosa mwenzake wa kuzungumza naye.

Na mke wangu akapita. Habari ilinifikia kwa njia ya kanisa kwamba yuko Kinshasa, mzima, kwa watu wa parokia. Nilikaa kwenye ngazi za karakana nikalia mbele ya wenzangu, nao wakanipa sigara ingawa walijua sivuti. Karatasi ambazo zilikuwa zimelala miaka sasa ziliamka. Mwisho wa mwaka uliofuata nilisimama uwanja wa ndege na koti jipya la kike mkononi.

Alipotoka nilimjua kwa mwendo kabla ya uso, na mwendo wenyewe ulikuwa umebadilika. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Alikuwa amekonda, na alipocheka niliona jino la mbele halipo. Nilimkumbatia. Nikamwambia koti hili hapa, nje baridi. Nikamuuliza kama begi ni hilo tu, na lilikuwa hilo tu, begi la buluu la nailoni ambalo hakuniachia nilibebe.

Begi hilo nilikuja kulijua sana. Aliliweka karibu na mlango wa chumba cha kulala na hakulifungua zaidi ya kutoa kitenge na kukirudisha kimekunjwa. Nilimwonyesha droo nilizomwachia, tupu, nimezipangusa. Alisema asante. Kila nikirudi kutoka kazini niliangalia begi kwanza, na kila siku lilikuwa pale pale, limefungwa, kama la mtu anayengojea basi. Sikumuuliza. Nilijua tu kwamba siku atakayolifungua ndiyo siku atakayokuwa amefika, na siku atakayolibeba nitakuwa peke yangu tena.

Siku ya pili nilimwonyesha kabati. Nilitaka aone nilichokuwa nikifanya miaka yote hiyo. Nikafungua kioo, na yeye akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Ni za zamani," nilimwambia. "Hazina risasi. Hata risasi zake haziko tena mu dunia."

"Sawa, papa," alisema.

Nikachukua ile sawa yake kuwa sawa. Nikafunga kioo, nikaenda kazini siku zote zilizofuata, naye akabaki.

Nieleze hapa jambo moja la kwetu, maana bila hilo mtu hataelewa. Bukavu, sufuria za mwanamke huanikwa nje baada ya kuoshwa, na kila anayepita anaziona. Zinasuguliwa kwa majivu na ndimu, mpaka ziwake jua likizipiga, hata matako yake, hasa matako yake. Mwanamke akiingia nyumba mpya, jirani hataangalia viti wala mapazia. Ataangalia vilivyoanikwa. Mama yangu aliweza kusema habari nzima ya ndoa ya mtu kwa kuangalia sufuria zake kutoka barabarani.

Basi siku moja nilirudi mchana, nikasikia harufu ya ndimu tangu ngazini. Nikafurahi, nikidhani ni samaki. Kwenye meza ya jikoni alikuwa ametandika kitambaa, na juu yake vyombo vyangu vyote vya kiseja vilikuwa vimepangwa kukauka, vinang'aa nisivyowahi kuviona. Sufuria, kikaango, vijiko, na katikati yao rivolva ya ofisa, nyeupe kama kijiko.

Aliisugua yote. Ndimu ilikuwa imeila ile rangi ya samawati mpaka mwisho, na majivu yakamalizia. Kishikio alikiosha kwa sabuni na mti ukapauka kama mpini wa jembe jipya. Alikuwa amesimama kando ya meza, mikono ameikunja mbele, anatabasamu kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu ya lile jino.

"Ilikuwa na kutu sana, papa," alisema. "Nimeisafisha."

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele labda ingekuwa afadhali. Niliishika kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwa na maana tena, nikaigeuza, nikaona namba zote bado ni zile zile na hakuna kingine kilichobaki. Nikairudisha kwenye kitambaa kati ya vijiko, nikaenda kukaa chumba cha mbele, na tangu hapo nikanuna. Nilikula alichopika, nikasema asante, nikasema usiku mwema. Hayo ndiyo niliyoyasema kwa siku kadhaa. Yeye naye hakuuliza, na begi likabaki mlangoni.

Jumapili nilikwenda sokoni na ile rivolva nimeifunga kwenye gazeti. Mzee mwenye sharubu aliifungua, akaivua kofia yake taratibu kama aliyeletewa msiba.

"Nani?" aliuliza.

"Mke wangu."

Alitikisa kichwa kwa muda. Akasema kuna fundi Liège anayeweza kuipaka rangi upya kwa dawa, ikafanana na ya zamani, na mtu asiyejua hatatambua. Nikamwambia nitafikiri. Nilipanda ngazi za kwetu nikiwa bado ninafikiri, nikafungua mlango, na macho yakaenda penye begi. Halikuwepo.

Jioni simu ikalia. Alikuwa binti wa mama yake mdogo, anayekaa na mumewe Berchem-Sainte-Agathe, upande wa pili kabisa wa mji. "Tonton, dada iko huku kwetu," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Amechoka tu."

Upweke nilikuwa nimeuzoea, nilidhani. Lakini ule wa zamani ulikuwa wa mtu anayengoja, na mtu anayengoja ana kazi ya kufanya. Huu ulikuwa wa nyumba iliyosuguliwa vizuri ambayo hakuna mtu anayekuja kuiona. Kila chombo nilichogusa kilinionyesha uso wangu. Kabati la kioo sikulifungua. Nilikaa jikoni na chai mpaka ikapoa, nikaimwaga, nikachemsha nyingine. Nilimkasirikia kwa ajili ya rivolva, nikamkasirikia zaidi kwa kunifanya nijue kwamba ningeitoa hiyo na nyingine zote ili nisikie mguu wake unaochelewa unavuka sakafu.

Asubuhi moja nilikutana ukumbini na bibi wa mwavuli wa kijani. Nilisalimia kwa kichwa kama kawaida, lakini yeye akasimama.

"Madame anaumwa?" aliuliza kwa Kifaransa. "Hajashuka siku nyingi. Nimemwekea majivu mengine."

Sikuelewa. Akafungua mlango wake akanionyesha. Jikoni kwake mlikuwa na jiko la chuma la kuni, na kando yake ndoo ndogo ya bati, imejaa majivu yaliyochekechwa. Miaka yote niliyoishi juu ya kichwa cha mama huyu sikujua kwamba chini yangu kuna moto. Mke wangu alikuwa amejua ndani ya wiki moja.

"Alikuwa anakaa hapa mchana," bibi alisema, akagusa kiti. "Kifaransa chake ni kidogo na mimi masikio yangu ni mabovu, kwa hiyo tulielewana. Hapendi kubaki kule juu peke yake na vile vitu vyako. Aliniomba majivu. Alisema anataka kufanya kazi fulani kubwa."

Nilimshukuru. Nilipofika kazini niliosha tramu moja mara mbili, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimefiwa.

Jumapili iliyofuata sikwenda sokoni. Nilivuka mji mzima kwenda Berchem, tramu na tena basi, na ile tramu ilikuwa mojawapo ya zetu. Nilikaa nikiangalia pembe ya dirisha ambayo mwenzangu wa zamu huiruka siku zote. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Binamu yake alinifungulia, akaniletea chai, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya kwenda kwa jirani. Mke wangu alikuwa mezani anachambua maharagwe.

"Zile bintu nitaziuzisha zote," nilisema.

"Nani amekuomba uuzishe?"

Aliendelea kuchambua, mabaya kushoto, mazuri kulia. Kisha akaongea bila kuinua macho.

"Ile kintu nilikuwa naiogopa, papa. Asubuhi unaenda ku kazi, mi nabaki na yo. Bon, nikasema, muntu hawezi kukaa mu nyumba na kintu anaogopa. Nikaishika. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini nikaishika. Nikasema nitaisugua kama sufuria, mpaka ikuwe sufuria. Nilipomaliza nikaona ni chuma tu. Nikafurahi. Nikaiweka pa meza uione. Na weye ukaninyamazia."

"Sikujua."

"Ungejua namna gani? Hukuuliza. Ku aéroport uliniangalia vile unaangaliaka zile bintu zako. Unaigeuza, unatafuta fasi yenye iliharibika. Ukaona mguu. Ukaona jino. Alors ukanipa koti. Hukuuliza hata njia ilikuwa je."

Hasira zilinipanda, nilitaka kumwambia kwamba nilinyamaza kwa heshima, kwamba niliogopa kumgusa penye kidonda. Kwetu hata anayetoka kilima cha pili tu, anapewa kiti, anapewa maji, na anaulizwa njia. Unaiuliza njia yake hatua kwa hatua, naye anasimulia, na mpaka amalize hahesabiwi kuwa amefika. Mimi nilimpa mke wangu koti na droo tupu. Nikavuta kiti changu karibu na maharagwe.

"Njia ilikuwa je, mama?"

"Ni ndefu," alisema. "Leo sitamaliza."

"Anza tu."

Akaanza na siku waliyofunga mlango wa nyumba ya wazazi wake, kwamba alirudi kuchukua sufuria kubwa akaibeba kichwani, na watu wakamcheka. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza. Nilirudi tena Jumapili nyingine, na nyingine. Kila mara tulikuwa mbele kidogo katika ule msitu ambao kwangu ulikuwa kijani kitupu, na kila mara jioni nilimwacha pale Berchem nikarudi Evere peke yangu na kipande kile cha njia. Ile sufuria ilipikia watu wengi. Ilikuwa nyeusi tii kwa moshi, aliniambia, na hakupata hata siku moja ya kuisugua.

"Bantu walikuwa wanakufa, na mi nilikuwa na haya ya sufuria," alisema, akacheka, na safari hii hakufunga mdomo.

Karibu na mwisho, kabla ya mto mkubwa, askari mmoja aliitaka ile sufuria. Yeye akakataa kuiachia. Alinisimulia bila kubadilisha sauti, huku anakunja nguo za binamu yake. Askari aligeuza bastola akampiga mdomoni kwa kishikio.

"Chini ilikuwa na kapete," alisema. "Kama ile yako."

Nilitazama mikono yangu. Nilifikiri habari za baba yangu na meza ya bwana mkubwa, na za jioni zote nilizokaa na chai nikiigeuza ile pete kwenye taa. Aliendelea mpaka mtoni, mpaka mashua, mpaka Kinshasa, mpaka uwanja wa ndege na mimi nimesimama na koti.

"Bon," alisema. "Nimefika."

Akainuka. Begi la buluu lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa kama nilivyolijua. Hata Berchem hakuwa amelifungua. Safari hii aliniachia nilibebe.

Tulipofika Evere alipita kwanza kwa bibi wa chini, akatoka na ile ndoo ya majivu. Mimi nilikuwa nimeshapanda. Nilifungua kabati la kioo, nikazitoa rivolva zote zilizobaki bila glavu, nikazipanga kwenye meza ya jikoni, nikakata ndimu. Alisimama mlangoni akaziangalia. Alisogea, akaishika moja, akalizungusha tumbo lake, mikono yake imetulia. Kisha akairudisha mezani.

"Hapana," alisema. "Ile moja ilitosha. Izi ni zako, uziache na uzee wao."

Ile iliyooshwa sikuipeleka kwa fundi wa Liège. Mzee mwenye sharubu aliniuliza zaidi ya mara moja, nikamjibu kwamba iko katika hali yake ya asili, akaniona nimeharibikiwa. Mpaka leo nikiikumbuka ile samawati yake roho huniuma kidogo.

Lakini jioni ile alipiga magoti akafungua begi mpaka mwisho wa zipu. Ndani mlikuwa na vitenge, na katikati ya vitenge, imefungwa kama mtoto mchanga, sufuria mpya aliyoinunua Kinshasa kwa ajili ya nyumba yetu. Haikuwa imewahi kuona moto. Aliitoa, akaipangusa kwa ukingo wa nguo, akaangalia ukuta wa jikoni juu na chini, akaniuliza kama nina msumari.

Nikaenda kutafuta nyundo.